Samaki Katika Kioo: Nani Aweza Kukaa na Nani

Wasikilizaji wetu, wengi wetu twamjua samaki akiwa wavuni, mnadani, au chunguni. Leo twataka kuzungumza juu ya samaki asiyewekwa ili aliwe, bali ili atazamwe, yaani samaki wa tangi la kioo ambalo watu huliweka nyumbani juu ya meza. Huenda mtu akadhani kwamba hayo ni mambo ya mchezo, hayana historia. Walakini historia yake ipo, tena ni ndefu, na kwa sehemu kubwa ni historia ya vifo. Miaka mingi watu walitia samaki katika maji safi, wakawapa chakula, na baada ya juma moja au mawili wakawaopoa wakielea matumbo juu. Lililowashangaza ni hili: viumbe ambao mtoni huishi kwa maelfu, mbona wakitiwa wanne tu katika kioo hufa, au huuana? Jibu lake halikupatikana kwa siku moja, wala halikuletwa na mtu mmoja.

Hapo kale watu waliofika mbali katika kazi hii ni Wachina. Zamani za wafalme wa Song, waliotawala toka mwaka wa 960 hata 1279, samaki wa dhahabu walifugwa katika mabwawa ya bustani. Baadaye, zamani za wafalme wa Ming, walihamishiwa nyumbani ndani ya vyungu vipana, wakawa wakitazamwa kwa juu. Na mwaka wa 1596 bwana mmoja jina lake Zhang Qiande aliandika kitabu kizima juu ya samaki hao wekundu. Angalieni jinsi walivyofugwa. Chombo kilikuwa kipana, na waliokaa ndani yake walikuwa wa jamaa moja, hawakuchanganywa na wageni. Bila kuujua undani wa jambo lenyewe, Wachina walikuwa wamekwisha kushika nusu ya siri.

Wazungu waliwapata samaki hao katika karne ya 17, nao wakavutwa na rangi yao kuliko na maarifa ya wenye kuwafuga. Mwaka wa 1665 Mwingereza Samuel Pepys aliandika katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku kwamba ameona samaki wa kigeni wakiishi ndani ya chombo cha kioo, akastaajabu sana. Baadaye ikawa desturi ya nyumba za wenye mali kuweka bakuli la kioo la mviringo lenye shingo nyembamba, na samaki wa dhahabu mmoja au wawili ndani yake. Kwa macho ya binadamu bakuli lile ni zuri. Kwa samaki ni gereza. Hewa huingia majini kwa kupitia uso wa maji tu, na bakuli likijazwa hata shingoni, uso wa maji hubaki mdogo kama kisahani. Tena samaki wa dhahabu akitunzwa vema hukua kufikia inchi 12, naye aweza kuishi zaidi ya miaka 20. Anayemwona mdogo dukani humwona mtoto.

Sasa twende London, mwaka wa 1849. Mkemia mmoja aitwaye Robert Warington, aliyefanya kazi katika jumba la chama cha wauza dawa wa mji ule, alitaka kujua kama yawezekana samaki na majani kutunzana wenyewe. Ilikuwa imekwisha kujulikana tangu karne ya 18, kwa kazi ya Joseph Priestley na Jan Ingenhousz, ya kuwa majani yapatapo mwanga hutoa hewa ile ambayo wanyama huivuta. Basi Warington alichukua chombo cha kioo cha galoni 12 hivi, akakijaza maji ya chemchemi nusu yake. Chini aliweka mchanga, tope na mawe, akapanda jani la majini, akatia samaki wa dhahabu wawili wadogo.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani yaliyozeeka yakaanza kuoza, maji yakawa na ukungu, na utelezi wa kijani ukatanda juu ya kioo. Mtu mwingine angalimwaga maji na kuanza upya. Ndivyo walivyofanya wengi, na ndivyo wafanyavyo wengi hata leo. Warington hakumwaga. Alifikiri jinsi bwawa la shamba linavyojisafisha, akaenda akaleta konokono wa majini watano au sita, akawatia humo. Konokono wakala majani yaliyooza na utelezi wote, maji yakatakata. Tena konokono wakataga mayai, nayo yakawa chakula cha samaki. Mwaka wa 1850 alizitoa habari hizo mbele ya Chama cha Wakemia.

Twaona kwamba hapo ndipo palipoanza elimu ya kuchagua wenzi wa tangi. Konokono hakuchaguliwa kwa uzuri, maana hana. Alichaguliwa kwa sababu ilikuwapo kazi isiyokuwa na mtu wa kuifanya.

Ushuru wa kioo ulikuwa umeondolewa Uingereza mwaka wa 1845, kwa hiyo kioo kilikuwa rahisi. Mwaka wa 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, na mwaka wa 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake juu ya matangi hayo. Watu wakashikwa na wazimu wa samaki. Kila mmoja alichota bwawani alichokikuta, akakitia chote katika tangi moja: samaki, konokono, uduvi, na mende wa majini ambaye mtoto wake ana taya kama koleo, awezaye kumnyonya samaki mdogo hata akabaki ngozi. Asubuhi tangi lilikuwa na mnyama mmoja, ameshiba. Watu wengi wakachoka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1860 shauku ile ilikuwa imepoa.

Tena kulikuwa na kifo kingine kisichokuwa na mla wala mliwa. Tangi lilikuwa safi, majani mabichi, samaki hawagombani, nao wakafa vivyo hivyo. Sababu yake ilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Yule Warington alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka wa 1838, naye jina lake Robert Warington vilevile. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja baba yake alipokuwa akishughulika na samaki wale wawili. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi Rothamsted, mahali pa kuchunguza mambo ya kilimo, naye alishughulika na mbolea wala si samaki.

Wakulima wanajua ya kuwa samadi mbichi huunguza mche, lakini ikikaa udongoni hugeuka ikawa chakula chake. Ni nini kinachoigeuza? Mwaka wa 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na vijidudu vilivyo hai. Warington mwana akaendelea na uchunguzi, akaonyesha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili: kwanza amonia, ile yenye harufu kali ya mkojo wa zizini, hugeuzwa kuwa nitriti, kisha nitriti hugeuzwa kuwa nitrati. Kila hatua ina vijidudu vyake. Mwaka wa 1890 Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu kuvitenga.

Basi samaki naye hutoa amonia, tena zaidi kwa kupitia matamvua yake. Amonia ni sumu kwake, na nitriti pia ni sumu. Nitrati ina madhara madogo, na majani huila. Tangi lililojazwa maji jana halina vijidudu hivyo. Maji yang'aa kama bilauri, kumbe samaki anaogelea katika uchafu wake mwenyewe. Hupita majuma manne hata sita kabla vijidudu havijaongezeka vya kutosha juu ya mchanga na mawe. Sisi twaamini ya kuwa Warington baba alifaulu, pamoja na sababu alizozitaja, kwa kuwa alitia tope na mawe, na pamoja navyo akaingiza vijidudu asivyovijua. Mwanawe ndiye aliyekuja kuvieleza, naye akivieleza kwa ajili ya mashamba.

Kwa hiyo wenzi wa kwanza wa samaki ni hao wasioonekana. Atakaye kufuga na aanze na samaki wawili watatu wadogo wenye nguvu, awape chakula haba, na kubadilisha sehemu ya maji kila juma. Asioshe mchanga na mawe yote kwa sabuni kama aoshavyo sufuria. Maji ya bomba ya mjini, kama yametiwa klorini, yakae kwanza ndooni wazi siku moja au mbili. Chakula kilichobaki kiondolewe, na samaki aliyekufa atolewe saa ile ile. Methali yetu yasema samaki mmoja akioza, wote huoza. Katika tangi dogo maneno hayo ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa.

Wako wanaohesabu kwa inchi: kila galoni ya maji, samaki wa urefu wa inchi moja. Kanuni hiyo yafaa kidogo kwa samaki wembamba wadogo, lakini kwa samaki wa dhahabu ni upuuzi. Samaki mmoja wa inchi 10 si sawa na samaki kumi wa inchi moja. Ni mnene, hula sana, na hutoa uchafu mara nyingi zaidi. Tena yeye ni wa maji ya baridi. Katika nyumba ya Mombasa au Dar es Salaam, ambako maji huwa vuguvugu mchana kutwa, hewa iliyomo majini hupungua na sumu ya amonia huzidi ukali. Huko Lushoto au Nairobi angalau atapumua. Kumweka pamoja na samaki wa nchi za joto ni kumtesa mmoja wao, mpende msipende.

Tuje sasa kwenye ugomvi. Mwaka wa 1869 samaki wazuri kutoka China walifika Paris, nao Wazungu wakawaita samaki wa peponi. Pierre Carbonnier aliwafuga hata wakazaa. Hawa, kama kambare wetu, wana kiungo kichwani cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo hawafi upesi katika maji mabaya. Wenye kuwafuga walifurahi sana, mpaka walipowaweka madume wawili pamoja. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, naye hamtaki mwingine karibu. Hata jike humfukuza akisha kutaga. Ndugu yao wa Siam, nchi iitwayo sasa Thailand, ni mkali zaidi. Huko watu waliwapiganisha na kuwekeana fedha, kama wengine wapiganishavyo majogoo. Mwaka wa 1910 mtaalamu Tate Regan alimpa jina la *Betta splendens*. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwa samaki huyu zizi ni tangi zima.

Nini kimchochee samaki hata apigane hivyo? Niko Tinbergen, Mholanzi, alichunguza samaki mdogo wa Ulaya mwenye miiba mitatu mgongoni, ambaye dume lake huwa na kifua chekundu wakati wa kujenga kiota. Alionyesha ya kuwa dume hushambulia kipande chochote kilichopakwa rangi nyekundu upande wa chini, ingawa hakifanani na samaki. Mjini Leiden matangi yake yalikuwa karibu na dirisha, na gari jekundu la posta lilipopita njiani, madume yote yalikimbilia upande ule tayari kwa vita. Mwaka wa 1973 Tinbergen alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Mfugaji na ayakumbuke haya: samaki wa jamaa mbalimbali wanaofanana rangi na umbo waweza kugombana kana kwamba ni madume wa nyumba moja.

Hata visiwani kwetu yuko mfano. Katika vidimbwi vya mvua vya Unguja huishi samaki mdogo wa inchi mbili hivi, aliyeandikwa na Georg Pfeffer mwaka wa 1893, jina lake *Nothobranchius guentheri*. Dume lina mkia mwekundu na mwili wenye magamba ya buluu na kijani. Jike ni la rangi ya tope. Kidimbwi kikikauka wote hufa, lakini mayai hungoja ndani ya udongo, na mvua ikinyesha huanguliwa. Kwa kuwa maisha yake ni ya miezi michache tu, dume halina muda wa kupoteza: humfuata jike kutwa kucha. Ukiweka dume moja na jike moja, jike hudhoofika. Weka dume moja na majike matatu, pamoja na majani mengi ya kujifichia, na wote watapumzika.

Wako na samaki wengine ambao kosa lake ni kuwekwa peke yao. Samaki mdogo wa Amazon mwenye mstari wa buluu uwakao kama taa, ambaye wataalamu walimpa jina mwaka wa 1936, huishi kwa makundi. Akiwa mmoja hujificha, haonyeshi rangi yake, wala hali. Hataki mwenzi wa sura nyingine. Ataka wenzake sita na zaidi. Gapi naye, aliyepewa jina la bwana Guppy wa kisiwa cha Trinidad, hapigani na mtu, lakini jike huzaa karibu kila mwezi, na tangi la wawili huwa tangi la mia kabla mwenyewe hajaanza kuhesabu.

Lakini shule kubwa kuliko zote ya mambo haya ni Ziwa Tanganyika. Samaki wake wengi ni wa jamaa ya perege na sato, na maji yake ni mazito kwa chumvi za mawe, kama yale yaachayo ukoko mweupe ndani ya birika. Samaki wa Amazon amezoea maji laini kama ya mvua. Hao wawili wakiwekwa pamoja hawatapigana, wala hakuna maji yatakayowafaa wote. Hilo ni jambo la kwanza la kuuliza unaponunua: huyu atoka maji gani? Kisha utazame kinywa, maana samaki hula chochote kipitacho kinywani mwake. Tena katika ziwa lile yuko samaki, *Perissodus microlepis*, aishiye kwa kubandua magamba ya wenziwe. Vinywa vya wengine vimepinda kulia, vya wengine kushoto, kila mmoja na ubavu wake wa kuvizia.

*Tropheus*, ambaye Boulenger alimwandika mwaka wa 1898, hula utelezi wa mawe tu, na kwa kumtazama ungemdhani mpole. Kumbe wakiwa wanne au watano, mwenye nguvu huwaua waliosalia mmoja mmoja. Wafugaji wamejifunza kuwaweka kumi na wawili au zaidi katika tangi kubwa, ili ukali ugawanyike na asiwepo mmoja wa kuonewa kila siku. Kwa hiyo katika tangi dogo hafai kabisa. Afaaye ni yule *Neolamprologus multifasciatus*, ambaye hafiki inchi mbili, na nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Katika tangi la lita 60, lenye mchanga na makombe ishirini, jamaa nzima ya wadogo hawa hukaa, kila mmoja akilinda mpaka wake usiozidi shubiri. Mgomvi hurudi kombeni mwake, na vita vimekwisha.

Kwa habari ya mwenzi asiyefaa, wakazi wa Ziwa Victoria hawahitaji tangi la kioo ili waelewe. Sangara alitiwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960. Katika miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilitoweka. Sangara alileta fedha na viwanda, wala hatukani hilo. Lakini kinywa chake kilikuwa kikubwa, na furu walikuwa wadogo. Ndiyo sababu samaki wa tangi aliyekuchosha asimwagwe mtoni. Mpe mfugaji mwingine.

Mgeni anapoingizwa katika tangi lenye wenyeji, wafugaji wazoefu hufanya hivi. Chombo alimoletwa huelezwa juu ya maji ya tangi kwa robo saa, ili joto lake lilingane na la tangi. Wakati huo mwenyewe huingiza mkono, akayahamisha mawe na makombe kutoka mahali pake. Wenyeji hushtuka, kila mmoja akitafuta mpaka wake asiuone. Ndipo mgeni huachiwa, na taa huzimwa. Kukipambazuka wote wanatafuta mahali pa kukaa, na katika shughuli hiyo hakuna mwenye nafasi ya kuuliza nani alitangulia kufika.